Neno Kabla ya Mtikisiko: Kuchagua Spika za Sebuleni katika Mwambao wa Tanga

Sebule ya nyumba ya mwambao wa Tanga haikujengwa kwa ajili ya sauti ya filamu bali kwa ajili ya upepo, na ukweli huo mmoja hutangulia hesabu yoyote ya spika, amplifaya au nyaya. Kuanzia Pangani hadi Moa, na katika mitaa ya Ngamiani, Chumbageni na Makorora mjini Tanga, sakafu hupigwa saruji au vigae ili nyayo zipate ubaridi, kuta hupakwa rangi ya mafuta ili zifutike, madirisha huachwa wazi ili kusi na kaskazi zipite, na katika nyumba nyingi za zamani ukuta unaotenganisha chumba na chumba hukomea chini ya paa ili joto lipande na kutoka. Ujenzi wa namna hii unaujali mwili, lakini unalitia sikio katika mtihani, kwa kuwa sakafu ngumu hurudisha sauti, ukuta laini huirudisha tena kabla ile ya kwanza haijafifia, na uwazi wa juu huipeleka yote katika chumba cha mtu aliyekwisha kulala. Anayenunua spika bila kuitazama nyumba yake kwanza hununua nusu ya kitu, kwa sababu nusu ya pili ya kila spika ni chumba inamolia.

Mfumo unaozungumziwa hapa, ambao madukani hujulikana kwa jina la homu thieta, ni mkusanyiko wa spika kadhaa zinazoendeshwa na kifaa kimoja ili sauti ya filamu imzunguke msikilizaji badala ya kumjia kutoka kwenye televisheni peke yake. Mpangilio ulioenea zaidi huandikwa 5.1, maana yake spika tano za kawaida na moja ya sauti nzito: mbili husimama kushoto na kulia kwa skrini, ya tatu huwekwa katikati, chini au juu ya skrini, mbili nyingine hukaa ubavuni mwa msikilizaji au nyuma yake kidogo, na ile inayoandikwa baada ya nukta, yenye mkondo wake maalumu unaobeba mngurumo wa chini ya hezi 120 tu, ndiyo sabufa. Hezi ni kipimo cha idadi ya mitikisiko ya sauti kwa sekunde moja, na sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia takriban hezi 20 hadi 20,000. Mpangilio huo uliingia katika kumbi za sinema kwa mfumo wa Dolby Digital mwaka 1992, pamoja na filamu ya Batman Returns, kisha ukashuka hadi majumbani. Katika Kiswahili cha mitaani cha Tanzania, neno sabufa limepanuka likawa jina la seti nzima ya spika, na upanuzi huo wa maana haufai kupuuzwa, kwa kuwa unaonyesha ni kitu gani mnunuzi amefundishwa kukitafuta kabla ya vingine vyote.

Kumbukumbu zinazofuata ni za nyumba moja ya Ngamiani, sehemu ya mji wa Tanga ambayo mitaa yake hutajwa kwa namba za barabara, nyumba aliyokulia mwandishi na ambayo, kwa muda unaozidi miaka kumi, ilijifunza jambo hili kwa kukosea zaidi kuliko kwa kupatia. Mwanzoni mwa mwaka 2013, mitambo ya analojia ya televisheni ilipozimwa mjini humo na kila familia ikalazimika kununua king'amuzi, televisheni kubwa ya zamani yenye mgongo nayo ilistaafishwa, ikaingia nyembamba ya kutundikwa ukutani. Picha ikang'aa, lakini sauti ikakonda, kwa sababu televisheni nyembamba haina kifua: spika zake ni ndogo, hutazama chini au nyuma, na maneno yanayotoka humo huugonga ukuta kwanza ndipo yamfikie mtu. Vijana wa nyumba wakachanga fedha, wakanunua seti ya 5.1 ndani ya boksi moja, yenye sabufa kubwa, taa za rangi, na namba ya maelfu ya wati iliyochapwa kwa herufi zilizosomeka kutoka upande wa pili wa barabara.

Usiku wa kwanza mabati yalitetemeka, na kila aliyekuwamo alifurahi isipokuwa mmoja. Bibi wa nyumba ile, ambaye kwa miaka mingi alikuwa na mahali pake pasipokaliwa na mtu mwingine, juu ya mkeka, mgongo ukiwa umeegemea ukuta unaoitazama televisheni, alivumilia kwa wiki chache, kisha akaanza kuhamia barazani kila tamthilia ilipoanza. Alipoulizwa sababu na mjukuu wake, alimjibu kwa utani wa bibi na mjukuu, lakini kwa uchovu uliosikika: "Mume wangu, ngoma ninaisikia mpaka kifuani. Wanasema nini?" Swali hilo, ambalo wakati ule lilichukuliwa kuwa malalamiko ya uzee, lilikuwa ndilo tathmini sahihi kuliko zote zilizowahi kutolewa juu ya seti ile, na sehemu kubwa ya yaliyoandikwa hapa ni jaribio la kulijibu kwa heshima linayostahili.

Jibu lake linaanzia katika sikio lenyewe. Sauti nzito na nyembamba zinaposikika kwa pamoja, ile nzito, ikiwa na nguvu ya kutosha, huifunika nyembamba, ilhali nyembamba haiwezi kuifunika nzito kwa kiwango hicho. Hii ni tabia ya kiungo cha ndani ya sikio, na haitofautishi sikio zuri na baya. Katika maneno ya Kiswahili, nguvu ya sauti imo katika irabu, ambazo huifunga takriban kila silabi, lakini maana mara nyingi huamuliwa na konsonanti, ambazo ni nyepesi na za muda mfupi. Tofauti kati ya sema, tema na hema ni mpasuko au mvumo mdogo wa mwanzo wa neno, unaokaa zaidi katika eneo la kati ya hezi 2,000 na 8,000. Ukifunikwa, msikilizaji hubaki na irabu mbili na kazi ya kubahatisha. Uzee nao huanza kulila sikio kutoka juu, yaani katika sauti nyembamba, ukishuka polepole, na kwa hiyo mzee hupoteza konsonanti kabla ya irabu, naye husema, kwa usahihi kabisa, kwamba anasikia ila haelewi. Seti iliyonunuliwa Ngamiani ilifanya mambo mawili mabaya kwa wakati mmoja: ilizidisha kile kinachofunika, na spika yake ya katikati, ndogo kama kopo la maziwa, haikuweza kukitoa vizuri kile kinachofunikwa.

Hasara hiyo ilikuwa kubwa zaidi mahali kama Tanga, kwa sababu mji huu umekuwa na masikio ya maneno kwa muda mrefu. Kuanzia miaka ya 1960 vikundi vya Black Star na Lucky Star viliipa taarabu sura mpya kwa kuingiza gitaa la umeme na gitaa la besi, vikaifanya ichezeke, na bado kilichobaki mbele ya yote kilikuwa sauti ya mwimbaji na mashairi yake. Shakila, mwimbaji wa taarabu na binti wa Pangani ambaye baadaye alijulikana nchi nzima, hakuwahi kuzidiwa na ala zilizomfuata. Shairi la taarabu hujengwa kwa mafumbo, na fumbo lina tabia ya kuning'inia juu ya neno moja ambalo, likimpita msikilizaji, ubeti mzima humpita. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 huko Vibambani karibu na mji wa Tanga, aliandika kitabu kizima cha wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928, na ni vigumu kufikiri kwamba mshairi angejishughulisha hivyo na mwimbaji ambaye maneno yake hayasikiki. Santuri hizo, kwa vipimo vya leo, zina besi kidogo sana, wala hazina sauti nyembamba sana, lakini zilibeba kile eneo la katikati la sauti linachobeba, na kwa hizo watu wa mwambao walicheka, wakalia na wakagombana.

Kumbi za sinema nazo zilikuwa na somo ambalo lilisahauliwa. Katika ukumbi wa Majestic mjini Tanga, kama katika kumbi nyingine za enzi ile, spika kuu hazikuwekwa pembeni bali nyuma ya skrini yenyewe, ambayo hutobolewa matundu madogo yasiyoonekana kwa mbali ili sauti ipenye, na kwa sababu hiyo mwigizaji wa filamu ya Kihindi aliposema, neno lilitoka kinywani mwake. Spika ya katikati ya nyumbani ni mrithi wa spika ile ya nyuma ya kitambaa, nayo ndiyo hubeba sehemu kubwa kabisa ya mazungumzo ya filamu. Hata hivyo, katika maduka mengi ndiyo inayotengenezwa kwa uchoyo kuliko zote, kwa kuwa mnunuzi huisikiliza sabufa, huzihesabu spika, halafu hulipa.

Umuhimu wa spika hiyo huongezeka katika nyumba za Tanzania kwa sababu ya desturi ya filamu za kutafsiriwa, ambazo mkalimani husimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili, desturi iliyokuzwa katika mabanda ya video na kupewa hadhi na wasimulizi kama Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu. Sauti ya msimulizi katika kanda na diski hizo kwa kawaida hurekodiwa sawasawa katika mikondo miwili, kushoto na kulia. Mtambo wa kuchambua sauti ulioingizwa katika vifaa vya nyumbani mwaka 1987 kwa jina la Dolby Pro Logic, pamoja na vizazi vyake vilivyofuata, hufanya kazi kwa kanuni kwamba kile kilicho sawa katika mikondo yote miwili kinastahili kwenda katikati. Kwa hiyo kifaa kikiwekwa katika hali hiyo, msimulizi huhamia kwenye spika ya katikati karibu peke yake, na makelele ya filamu hubaki pembeni. Nyumba ya Ngamiani iligundua jambo hilo baada ya miaka mitatu, kwa bahati, rimoti ilipobonyezwa na mtoto. Na ugunduzi huo ulithibitisha ubaya wa spika yenyewe, kwa kuwa sasa kila udhaifu wake ulisikika wazi.

Ndipo ulipofika wakati wa kuzielewa namba za kwenye boksi. Wati ni kipimo cha nguvu ya umeme ambayo amplifaya inaweza kuipeleka kwenye spika, lakini kuna namna zaidi ya moja ya kukihesabu: herufi RMS huashiria nguvu ambayo kifaa kinaweza kuitoa kwa mfululizo, nazo PMPO huashiria kilele cha kufikirika cha kitambo kifupi kabisa, kisichokuwa na kanuni moja ya upimaji, na ndiyo maana redio ya ukubwa wa tofali inaweza kuandikwa maelfu. Hata wati za kweli hazileti kile zinachoahidi. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli, na kuongeza wati maradufu huongeza desibeli 3 tu, badiliko ambalo sikio hulitambua bila kulistaajabia. Ili sauti ionekane kuwa kubwa mara mbili huhitajika ongezeko la takriban desibeli 10, yaani wati mara kumi. Namba yenye manufaa zaidi, ambayo wauzaji wachache huitaja, ni wepesi wa spika, yaani desibeli ngapi hutoka kwa wati moja mtu akiwa umbali wa mita moja. Spika yenye wepesi wa desibeli 90 huhitaji robo tu ya nguvu inayohitajiwa na yenye desibeli 84 ili zifikie sauti ileile, na katika sebule ya kawaida ya Tanga, ambamo msikilizaji hukaa mita mbili au tatu kutoka kwenye skrini, wati 30 za kweli zinazoingia katika spika nyepesi ni nyingi kuliko mahitaji ya familia yoyote inayoishi kwa amani na jirani zake.

Hoja ya mwandishi, ambayo haikubaliwi na wapenzi wote wa vifaa hivi, ni kwamba mwenye fedha ya seti kamili lakini duni afadhali anunue spika tatu za mbele peke yake, zilizotengenezwa kwa pamoja ili sauti zao zifanane, na aziache za nyuma zisubiri hata miaka miwili. Sehemu kubwa ya kile kinachotazamwa katika nyumba hizi, yaani taarifa ya habari, mpira, tamthilia na filamu za kutafsiriwa, hurekodiwa au kurushwa kwa mikondo miwili, na spika za nyuma hukaa kimya au hurudia kwa unyonge kile ambacho za mbele zimekwisha kukisema. Sabufa ifuate baada ya hapo, nayo ndogo, ikipewa kazi ya chini ya hezi 80 pekee. Ikiruhusiwa kupanda hadi hezi 150 au 200, kama seti nyingi za boksi zinavyofanya kwa sababu spika zake ndogo haziwezi kushuka, huanza kubeba sauti za wanaume, na mtu husikika akizungumza kutoka kwenye kona iliyo chini ya meza.

Chumba chenyewe, hata hivyo, ndicho kilichodai masomo mengi zaidi. Jaribio la kwanza halihitaji kifaa: mtu husimama katikati ya sebule tupu akapiga kofi moja kali, na iwapo atasikia mlio mfupi unaotetema kama waya uliovutwa, basi kuta mbili zinazotazamana zinarushiana sauti kama watoto wanavyorushiana mpira, na kila konsonanti itakayosemwa humo itafuatwa na vivuli vyake. Sebule ya Ngamiani, yenye urefu wa mita 4.2 na upana wa mita 3.5, ilitetema kwa namna hiyo hadi mkoa wenyewe ulipotoa dawa. Tanga ni nchi ya mkonge. Zao hilo lililetwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ambaye kati ya miche 1,000 aliyoagiza ilinusurika 62 tu, na kutokana na michache hiyo mashamba yakaenea kila upande. Zulia nene la katani, yaani nyuzi za mkonge huo, lililotandikwa kati ya skrini na wasikilizaji, lilinyonya ule mrudio wa sakafuni. Mapazia mazito yalipunguza wa dirishani. Nalo godoro la zamani la sufi, lililokuwa likingoja kutupwa, lilishonewa kitambaa kizuri likasimamishwa ukutani nyuma ya kiti kirefu. Sufi ya msufi, ambayo wazee waliijua kwa magodoro na mito, ni miongoni mwa nyuzi nyepesi zinazonyonya sauti vizuri sana, na unene wake ndio unaoipa nguvu, kwa kuwa kitambaa chembamba hunyonya sauti nyembamba tu na kukiacha chumba kikiwa kizito na chenye giza masikioni.

Ilionekana pia kwamba hakuna zulia wala godoro linaloiweza besi. Wimbi la hezi 41, katika hewa ya nyuzi 28 ambamo sauti husafiri takriban mita 348 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 8.5, yaani mara mbili ya urefu wa sebule ile, na wimbi linapolingana hivyo na chumba hujisimamisha ndani yake: huvimba karibu na kuta za mwisho na kutoweka katikati. Mahali pa bibi, pale chini ya ukuta, palikuwa katika uvimbe huo. Vijana waliokaa katikati waliona besi haitoshi wakaiongeza, naye aliyekaa ukutani akapigwa kifuani; kila upande ulikuwa ukisema kweli, na kwa muda mrefu kila upande ulidhani mwenzake anatia chumvi. Fundi redio mmoja wa mtaani, mtu wa maneno machache, ndiye aliyeonyesha njia ambayo tangu hapo imewafaa wengi: sabufa hubebwa ikawekwa mahali anapokaa msikilizaji, muziki wenye besi ya taratibu ukapigwa, kisha mwenye nyumba akatembea akiwa ameinama kando ya kuta, akisikiliza, na mahali ambapo besi inasikika sawa, bila kuvimba na bila kupotea, ndipo sabufa ihamishiwe. Kwa nyumba ile palikuwa nusu ya ukuta wa upande, mbali na kona, mahali ambapo hapana mtu aliyepafikiria kwa sababu hapakuwa na uzuri wowote kwa macho. Madirisha yaliyo wazi, ambayo kwa mengine ni hasara, hapa yalisaidia, maana besi inayotoka nje hairudi.

Hewa ya bahari inahitaji uangalifu wa namna yake, na orodha za sifa zinazochapwa katika nchi za baridi hazina habari nayo. Unyevu wa Tanga huweza kupita asilimia 80 alfajiri, na upepo hubeba chumvi hadi ndani ya makabati. Spika nyingi za mtumba zinazoingia mwambao, ambazo mara nyingi ni bora kuliko mpya za bei ileile, huwa na ukingo wa sponji unaoishikilia koni, yaani lile pia la karatasi linalocheza mbele na nyuma. Sponji hiyo huoza, ikawa kama keki iliyolowa, na huanza kudondoka kwa kidole. Mnunuzi mwenye busara hugusa ukingo kabla ya kuuliza bei, na hupendelea wa mpira. Sanduku la chipubodi hufura kwa chini pale sakafu inapopigwa deki kila asubuhi, kwa hiyo spika isimame juu ya miguu au kigoda, nazo za plaiwudi au mbao huvumilia zaidi. Ncha za nyaya za shaba hugeuka kijani, na sauti hukwaruza bila sababu inayoonekana. Tiba ni kukata sentimita moja ya mwisho mara moja kwa mwaka, kuchuna upya na kutia risasi. Mijusi nayo hupenda uvuguvugu wa amplifaya, huingia kupitia matundu ya hewa, hufa juu ya bodi ya umeme na kuiunguza. Nyumba ya Ngamiani ilipoteza amplifaya mbili kwa njia hiyo kabla ya kubandika wavu laini kwenye matundu, ukiwa umevutwa vizuri ili hewa ipite, na kuacha kiganja kizima cha nafasi juu ya kifaa.

Juu ya kifaa chenyewe, uamuzi mkubwa ni kati ya seti ya boksi na risiva, yaani amplifaya inayopokea sauti kutoka vyanzo mbalimbali, kuichambua na kuigawa kwa kila spika. Seti ya boksi ina wepesi wa kufungwa, lakini spika zake mara nyingi zina ukinzani wa omu 3 na vichwa vya waya visivyoingia mahali pengine, hivyo sehemu moja ikifa zote huwa yatima. Risiva hukubali spika za kampuni yoyote, mradi ukinzani wake, ambao kwa kawaida ni omu 6 au 8, usiwe chini ya ule ulioandikwa mgongoni mwake, kwa sababu ukinzani mdogo huvuta umeme mwingi na kukichemsha kifaa, hasa katika mji ambao hewa yenyewe hufika nyuzi 32. King'amuzi na televisheni huunganishwa nayo kwa waya wa HDMI, na televisheni zenye tundu lililoandikwa ARC huirudisha sauti kwa waya huohuo, jambo linalopunguza nyaya na rimoti. Umeme unaopanda na kushuka usiachwe uingie moja kwa moja: stabilaiza yenye uwezo wa kutosha ni sehemu ya mfumo kama spika ilivyo, na radi ya masika inapokaribia hakuna kinga inayoshinda kuchomoa plagi pamoja na waya wa antena.

Kuhusu jirani, inatosha kusema kwamba adhana ina haki ya kusikika, na kwamba sauti inayoeleweka vizuri huweza kupunguzwa bila mtu kupoteza neno, ilhali isiyoeleweka huongezwa kila dakika. Baada ya marekebisho, nyumba ile ilisikiliza filamu kwa sauti ya chini kuliko ilivyowahi kufanya, na mabati yakatulia.

Jambo la mwisho kurekebishwa lilikuwa urefu. Maelekezo ya kitaalamu hutaka twita, yaani spika ndogo ya sauti nyembamba, iwe usawa wa sikio, na huchukulia kwamba sikio hilo liko kwenye sofa, karibu mita moja kutoka sakafuni. Sikio la aliyeketi juu ya mkeka liko sentimita 70 hadi 80. Tofauti hiyo ilitosha kuzipitisha konsonanti zote juu ya kichwa cha yule aliyezihitaji zaidi. Spika mpya ya katikati, iliyochukua nafasi ya ile ya boksi, ndefu, yenye koni mbili za inchi tano na twita kati yao, ilishushwa kutoka kwenye rafu, ikalazwa juu ya kigoda cha mninga, na kabari ya mbao ikawekwa chini ya mgongo wake hadi uso wake ukautazama ukuta wa pili, kiasi cha mtu aliyeketi. Siku iliyofuata zilichezwa taarabu za zamani, zilizorekodiwa kwa mkondo mmoja, na risiva ikazipeleka zote kwenye spika hiyo peke yake, sabufa na nyinginezo zikiwa kimya. Bibi aliingia kutoka barazani kabla ya ubeti wa kwanza kwisha, akaketi mahali pake, na baada ya kitambo akawarekebisha wajukuu neno moja la wimbo ambalo walikuwa wameliimba visivyo tangu utotoni.